Kibandani, Dukani au Sokoni? Manunuzi ya Nyumbani katika Mitaa ya Voi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi wa mji wa Voi kuhusu ununuzi wa chakula na mahitaji ya nyumbani



Mada ya leo ni ya kila siku, na pengine kwa sababu hiyo haizungumzwi sana kwenye mabaraza. Mkaazi wa Sofia, Kaloleni, Mwakingali, Birikani au Mabomani anunue wapi unga, sukari, mafuta, nyanya na nyama? Kibanda kiko mlangoni. Duka la mtaa liko kwenye kona. Soko la Voi, maduka ya jumla na supamaketi yako katikati ya mji. Mwisho wa mwezi, familia mbili zenye mapato sawa na watoto sawa huweza kujikuta moja ina akiba kidogo na nyingine ina deni, na tofauti yenyewe ni mahali kila moja iliponunua na kipimo ilichotumia.

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba sokoni ni rahisi na mtaani ni ghali. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halikamiliki. Kuna bidhaa ambazo mtu akizifuata mjini anapata hasara, na kuna nyingine ambazo akizinunua mtaani kila siku anapoteza pesa bila kujua. Kazi ya mnunuzi ni kujua ipi ni ipi.

Bidhaa za Voi zinatoka wapi

Voi ni mji wa njiani tangu mwanzo wake. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa ikielekea Nairobi, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia ikaongezwa njia ya kwenda Taveta. Leo barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi inapita hapa, barabara ya lami inakwenda Mwatate na Taveta, na reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Kwa hiyo kila kitu kinachouzwa Voi kimesafiri, na kila safari ina gharama inayomfikia mnunuzi.

Unga wa pakiti, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na chumvi huja kwa malori kutoka Mombasa na Nairobi. Kabichi, sukuma wiki na mboga nyingine nyingi hushuka kutoka Milima ya Taita: Wundanyi, Werugha, Mgange na vijiji jirani. Ndizi, nyanya, vitunguu na mchele huja kutoka Taveta, ambako maji ya chemchemi kama Njoro Kubwa na Mto Lumi humwezesha mkulima kupanda hata mvua inapokosekana. Kunde, ndengu na mbaazi hulimwa na wakulima wa nyanda za chini, wanaopambana na ukame kwa upande mmoja na ndovu kwa upande mwingine, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya Mbuga za Tsavo.

Hiyo ndiyo sababu bei ya nyanya haikai mahali pamoja. Kiangazi kikizidi, au ndovu wakiingia mashambani, au lori likikwama njiani, bei hubadilika ndani ya siku mbili. Bidhaa za viwandani hazibadiliki kwa kasi hiyo. Mnunuzi anayejua tofauti hii anaweza kupanga: kilicho kikavu na cha kiwandani anaweza kukinunua mapema na kwa wingi. Kinachooza hana budi kukinunua kidogo kidogo.

Hesabu ya kununua kadogo

Watu wa mitaani hupokea pesa kwa namna tofauti. Mwalimu au askari hulipwa mwisho wa mwezi. Mpigaji boda, fundi wa mjengo, mfuaji nguo na kibarua wa shamba la mkonge hulipwa kwa siku au kwa wiki. Anayepata shilingi mia tano leo hawezi kununua beli la unga leo. Atanunua unga nusu, sukari robo, mafuta ya ishirini na majani ya chai ya kumi. Huo ndio ununuzi wa kadogo. Hauonyeshi kwamba mtu ni mzembe. Hakuna njia nyingine kwa mtu asiye na pesa ya kutosha kwa wakati mmoja.

Hata hivyo kadogo ina bei yake. Chukueni mfano huu. Bei zake ni za kufanyia hesabu tu, kwa maana bei halisi hubadilika.

Lita moja ya mafuta ya kupikia dukani iwe shilingi 300. Kibandani, mafuta ya shilingi 20 yawe mililita 50. Lita moja ina vipimo ishirini vya namna hiyo, kwa hiyo mnunuzi wa kadogo ameilipa lita ileile shilingi 400. Familia inayotumia lita tatu kwa mwezi imelipa shilingi 300 zaidi.

Kilo ya sukari iwe shilingi 160, na robo iwe shilingi 45. Robo nne ni shilingi 180. Familia inayotumia kilo nne kwa mwezi imelipa shilingi 80 zaidi.

Pakiti ya unga ya kilo mbili iwe shilingi 160 mtaani, na beli lenye pakiti kumi na mbili liwe shilingi 1,800 kwenye duka la jumla. Kwa beli, kila pakiti ni shilingi 150. Anayemaliza pakiti kumi na mbili kwa mwezi amelipa shilingi 120 zaidi mtaani.

Jumla ni shilingi 500 kwa mwezi kwa bidhaa tatu peke yake. Ikiwa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi mjini ni shilingi 100, akiba inayobaki ni shilingi 400 kwa mwezi, yaani shilingi 4,800 kwa mwaka. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli pia kwamba haba na haba hukimaliza kibaba, na mwenye nacho asitambue.

Sasa geuzeni hesabu hiyo upande wa pili. Nyanya moja iwe shilingi 5 kibandani na shilingi 4 sokoni. Mama anayehitaji nyanya nne za jioni atapunguza shilingi 4 akienda sokoni. Akipanda bodaboda kuzifuata, ametumia shilingi 100 ili kuokoa shilingi 4. Akienda kwa miguu, ametumia saa nzima ambayo angeweza kufua, kupika au kusimamia watoto. Kwa nyanya za jioni, kibanda cha mlangoni ndicho cha bei nafuu, hata kama kila nyanya ni ghali kidogo.

Mabadiliko madogo ya njia pia yana faida. Anayefanya kazi mjini hupita karibu na soko kila jioni bila kulipa nauli ya ziada. Kwake, soko halina gharama ya safari. Kufikia jioni wachuuzi wengi wa mboga za majani hupunguza bei, kwa sababu mchicha na kunde havitalala hadi kesho vikiwa na sura ileile. Anayenunua wakati huo apike usiku huohuo.

Kila mahali na kazi yake

Kibanda cha mama mboga kinafaa kwa vitu vinavyooza: mboga za majani, nyanya, dania, ndimu, parachichi. Mama mboga anafanya kazi ambayo mara nyingi haihesabiwi. Anaamka kabla ya jua, anakwenda sokoni kuchagua, analipia mzigo wake kwa bodaboda au mkokoteni, anakatakata sukuma wiki, na jioni anabeba hasara ya kilichooza. Shilingi moja anayoongeza kwenye nyanya ni malipo ya kazi hiyo. Si haki kumwita mlanguzi.

Duka la mtaa linafaa kwa dharura na kwa kadogo isiyoepukika: kiberiti, mkate, maziwa ya asubuhi, chumvi. Linafunguliwa mapema na kufungwa usiku, na mwenye duka anamjua mtoto aliyetumwa.

Soko la Voi linafaa kwa ununuzi wa wiki: vitunguu, viazi, ndizi, nazi, nafaka, maharagwe, samaki wakavu na mitumba. Huko mnunuzi ana uwezo ambao mtaani hana, yaani kutembea kutoka meza moja hadi nyingine akilinganisha. Mwenye haraka hupoteza uwezo huo. Inashauriwa kuzunguka mara moja bila kununua, kisha kurudi alikoona bei na ubora unaomfaa.

Duka la jumla linafaa kwa vitu vikavu vya mwezi: unga, sukari, mchele, sabuni, mafuta. Supamaketi hufaa wakati kuna punguzo la kweli, na ubora wake ni kwamba bei imeandikwa rafuni. Lakini punguzo lisomwe kwa makini. Pakiti mbili zilizofungwa pamoja huenda zikawa na uzito mdogo kuliko pakiti ya kawaida. Kinacholinganishwa ni bei ya kilo au ya lita. Bei ya pakiti peke yake haisemi lolote.

Kisha kuna siku za soko nje ya mji. Taveta, takriban kilomita 110 kutoka Voi, ina siku zake kuu za Jumatano na Jumamosi, na huko wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka hukutana. Kwa familia moja, safari hiyo haina faida kwa ajili ya mkungu mmoja wa ndizi. Kwa mchuuzi, au kwa kikundi kinachochangia gari, ni jambo jingine. Anayevuka kituo cha mpakani cha Taveta na Holili akumbuke kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani. Kupita njia za panya ni kujitia hatarini bila sababu.

Nguvu ya kununua pamoja

Je, yule anayelipwa kwa siku atafaidikaje na bei ya jumla? Njia mojawapo tayari inajulikana kila mtaa: chama. Vikundi vingi huchanga pesa za mzunguko na kununuliana vyombo. Kikundi hicho hicho kinaweza kununua chakula. Nyumba kumi zikichangia gunia moja la mahindi la kilo 90, kila nyumba inapata kilo 9 kwa bei ya gunia. Nyumba sita zikichangia beli moja la unga, kila nyumba inapata pakiti mbili, na nauli ya kulileta ni moja badala ya sita.

Mambo matatu hulinda ununuzi wa namna hiyo. La kwanza, pesa ikusanywe kabla ya kununua, isiwe ahadi. La pili, ugawaji ufanywe kwa mizani, mbele ya wote, siku ileile. La tatu, anayekwenda kununua aandamane na mwenzake, na risiti isomwe kwa sauti. Vikundi vingi vilivyovunjika havikuvunjwa na wizi. Vilivunjwa na shaka.

Ukweli mwingine usifichwe. Kununua kwa wingi kuna hasara zake. Chumba kimoja cha kupanga hakina ghala. Panya, fukufuku na unyevu hula bila kulipa. Na chakula kingi kikionekana ndani ya nyumba, mkono wa mpishi hulegea na majirani huazima. Anayenunua kwa wingi anahitaji ndoo yenye kifuniko, kipimo cha kila siku, na neno moja la familia kwamba kipimo hicho hakivukwi.

Deni la kibandani

Kuna kitu kimoja ambacho supamaketi haitoi na mama mboga hutoa, nacho ni mkopo bila riba. Mtoto ameugua, mshahara umechelewa, kazi ya mjengo imesimama. Nyumba hiyo italala imekula kwa sababu daftari la mama mboga au la mwenye duka limeandikwa jina jipya. Mkopo wa kwenye simu, kama ule wa kukamilisha malipo pesa zikipungua, unatoza ada, na ada hiyo huongezeka kadiri siku zinavyokwenda. Deni la kibandani haliongezeki.

Lakini deni hilo ni la mtu. Chukueni mama mboga mwenye mtaji wa shilingi 2,000. Wateja wakimdai asubiri shilingi 600, kesho yake atakwenda sokoni na mtaji wa shilingi 1,400. Meza yake itapungua, wateja wa pesa taslimu watakosa wanachotaka na kwenda kwingine, na mauzo yatashuka tena. Baada ya wiki chache kibanda kitafungwa, na aliyekuwa akikopeshwa hatakuwa na pa kukopa. Vibanda vingi vya mtaani havikufa kwa ushindani wa maduka makubwa. Vilikufa kwa daftari.

Kwa hiyo ushauri ni huu: anayepokea malipo aanze na deni la kibandani kabla ya ununuzi mwingine wowote. Na asiende kununua kwa pesa taslimu mjini huku akinunua kwa deni mtaani. Hilo ndilo humuumiza mama mboga kuliko yote, maana anayaona mifuko yakipita mbele ya kibanda chake.

Mwenye kukopesha naye aandike mbele ya mteja, tarehe na kiasi, na ikiwezekana mteja awe na kijitabu chake. Magomvi mengi yanayofika kwa wazee wa mtaa huanza na deni lililoandikwa na upande mmoja.

Kipimo ni sehemu ya bei

Bei ikitajwa bila kipimo haina maana. Mahindi, maharagwe na ndengu bado huuzwa kwa gorogoro na kasuku, na viazi kwa ndoo au debe. Mkebe si mizani. Unaweza kuwa umebonyezwa chini, umewekwa karatasi ndani, au umejazwa kwa ncha za vidole ili nafaka zisishikane. Muuzaji mmoja hujaza hadi kilima, mwingine hupangusa usawa wa mdomo. Bei ileile, chakula tofauti.

Mnunuzi ana njia rahisi za kujilinda. Aangalie ndani ya mkebe kabla haujajazwa. Kwenye mizani, aangalie mshale uko kwenye sufuri kabla bidhaa haijawekwa. Akiwa na shaka, atumie kitu chenye uzito unaojulikana: pakiti ya unga ya kilo mbili iliyofungwa, au chupa ya maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na nusu lita ni nusu kilo, ukiondoa uzito mdogo wa chupa yenyewe. Mizani ikisoma tofauti kubwa, aondoke kwa upole na kutoa taarifa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo na Mizani, mizani ya biashara inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka. Mfanyabiashara mwaminifu hufaidika na ukaguzi huo, kwa sababu bila huo anashindana na mwenzake anayeuza gramu 850 kwa jina la kilo.

Suala la kipimo humgusa mkulima pia. Gunia la lumbesa, lililoongezwa kichwa cha wavu juu, humpunja mkulima wa milimani kwa kumlipa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na zaidi. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha mfuko wa viazi. Mnunuzi wa Voi anaweza kudhani lumbesa humfaa. Haimfai. Mkulima akipunjwa msimu baada ya msimu huacha kulima, na mboga hupungua sokoni.

Rahisi huvunja upishi

Kuna bei ya chini inayopaswa kumtia mtu hofu. Mambo matatu yanahitaji uangalifu wa pekee hapa kwetu.

Jambo la kwanza ni mahindi na unga. Sumukuvu huingia kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004 katika wilaya za Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Novemba 2019, KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyohiyo. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kukoboa na kusaga. Mahindi salama kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia chupa kavu: atie punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, afunge, atikise kwa dakika chache na kuacha itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au harufu ya uvundo zisinunuliwe kwa bei yoyote, na wala kuku wasipewe.

Kwa unga wa pakiti, mnunuzi aangalie alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Anaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi wa simu: herufi SM, alama ya # na namba ya kibali, kisha kutuma kwa 20023. Unga wa kiwandani wa mahindi na wa ngano unatakiwa kuongezwa vitamini na madini tangu mwaka 2012. Unga wa kinu cha posho hauna nyongeza hizo, lakini ukisagwa bila kukobolewa unabaki na viini vyake, nao mara nyingi ni nafuu. Nyumba yenye watoto wadogo inayokula unga wa kinu ihakikishe kuna kunde, maharagwe, mboga za majani na samaki wadogo kwenye sahani.

Jambo la pili ni nyama. Nyama halali ya kuuzwa hupita machinjioni, hukaguliwa na kupigwa muhuri. Mnunuzi ana haki ya kuuona muhuri huo. Katika eneo linalopakana na Tsavo, nyama isiyo na mfupa, isiyo na muhuri, inayoletwa usiku kwa bei ya kutupwa, yaweza kuwa nyamapori. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaadhibu vikali biashara hiyo. Zaidi ya sheria, nyama hiyo haikukaguliwa na daktari yeyote wa mifugo. Huenda mnyama alikufa kwa kimeta.

Jambo la tatu ni mifuko. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Adhabu ni faini ya kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Mnunuzi abebe kikapu chake. Akina mama wa Kasigau husuka vikapu vya mkonge vinavyouzwa hadi nchi za nje. Hakuna sababu mtu wa Voi anunue mfuko mpya kila siku wakati kikapu kimoja hudumu miaka.

Haki ya mnunuzi na kazi ya kaunti

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupata habari anazohitaji ili kufaidika nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuata. Haki hizo ni za anayenunua trela la saruji na za mtoto aliyetumwa sukari robo.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya masoko, leseni za biashara na biashara ya haki. Maana yake ni kwamba choo cha soko, maji, taa, taka na paa ni maswali ambayo mwananchi anaweza kuyauliza kaunti moja kwa moja, hasa wakati wa vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti. Akina mama wa sokoni wahudhurie vikao hivyo. Bajeti iliyopitishwa bila wao itajenga soko wasilolitaka.

Mchuuzi naye ana wajibu. Ushuru wa soko anaoulipa ulipiwe risiti, na risiti itunzwe. Anayetozwa bila risiti aulize jina na cheo cha anayemtoza, kisha atoe taarifa kwa msimamizi wa soko au ofisi ya wadi. Mnunuzi mwenye malalamiko kuhusu mizani, nyama au bidhaa iliyopitwa na muda aanze na msimamizi wa soko, kisha ofisi ya afya ya umma au ya biashara. Aende na vitu vitatu: bidhaa yenyewe, risiti au ujumbe wa malipo ya simu, na jina la mahali aliponunua. Malalamiko yasiyo na ushahidi huishia mlangoni.

Kwa muhtasari, mkaazi wa mitaa ya Voi anaweza kufuata mpango huu. Vitu vikavu vya mwezi avinunue mara moja, kwenye duka la jumla, peke yake au kwa kikundi. Vitunguu, viazi na nafaka avinunue mara moja kwa wiki sokoni, akitoka kazini au akiwa na safari nyingine ya mjini. Mboga na nyanya za siku azinunue kibandani kwa jirani yake, na alipe deni lake kwanza. Duka la kona libaki la dharura. Kila mahali, aulize bei ya kilo kabla ya kutoa pesa.

Jumamosi hii, kila nyumba iandike kwenye karatasi moja kile ilichonunua kwa wiki nzima, mahali na bei. Mwisho wa wiki, karatasi hiyo itaonyesha wapi pesa imevuja, na itakuwa msingi mzuri wa mazungumzo katika chama cha mtaa.